Magoli Matatu ya Mvuke

Jumatatu, 3 Machi

Wamenipa mimi! Bomba la mvuke la hospitali, kutoka chumba cha boila mpaka kwa madobi — nalisanifu mimi, mwanzo hadi mwisho, na jina langu ndilo litakaa kwenye kona ya mchoro. Bosi katangaza asubuhi mbele ya karakana nzima, mdomo umejaa mkate. Sikutabasamu. Nilitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyezoea. Halafu nikaenda chooni nikarukaruka peke yangu hadi kiatu kikachomoka.

Bomba la sasa limepasuka tena, kwenye maungio karibu na dobi. Mara ya tatu tangu hospitali ilete boila kubwa. Mashuka yanachemshwa nje, kwenye masufuria, kwa kuni. Nguo za chumba cha upasuaji zinapelekwa hospitali nyingine na kurudi zimechelewa. Wiki iliyopita mgonjwa alishushwa kwenye kitanda cha upasuaji akaambiwa asubiri. Mkuu wa madobi — tunamwita Mama Shuka, na mwenyewe anajitambulisha hivyohivyo — kaniambia siku hizi mumewe anamjua kwa harufu ya moshi.

Kuna jambo moja bosi hakulisema, ingawa karakana nzima inalijua. Bomba hilo lililopasuka alilifunga Baba.


Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kulitazama. Nilijiandaa kulidharau. Nikashindwa!

Limenyooka, jamani. Unaweka jicho huku, unaona mwisho kule. Halipandi, halishuki. Kila kibano kimekazwa. Kila nati imesimamishwa kona moja juu, zote, kama wanafunzi mstarini. Huo ndio mwandiko wa Baba. Nyumbani nati zote ziko hivyo — geti, stendi ya tangi, hata kitanda nilicholalia utotoni. Nati lazima iwe na nidhamu, husema. Wenzake walikuwa wanakaza na kuondoka. Yeye alikaza, kisha akarudi kuzipanga.

Na Baba hakukosea. Zama zile lilipitisha maji ya moto ya kufulia, basi. Sasa linapitisha mvuke wa boila kubwa, na mvuke ni habari nyingine. Nimepiga hesabu: kutoka ubaridi wa asubuhi hadi moto kamili, bomba lile linataka kurefuka kwa urefu wa kalamu ninayoandikia. Kalamu nzima! Nilirudia hesabu mara ya pili kwa sababu sikuamini, na mara ya tatu kwa sababu nililipenda jibu. Chuma kizito namna ile kinajinyoosha kama paka aliyeamka. Na Baba kakibana kila baada ya hatua chache, na ncha zote mbili kazifunga ukutani. Kinasukuma, hakina pa kwenda, kinapasua palipo dhaifu. Boila ikizimwa kinasinyaa na kuvuta upande wa pili. Kila siku sukuma-vuta, sukuma-vuta. Hata mimi ningepasuka.

Nimesimama pale na kipimo changu mkononi nikaona haya kidogo, kama mtu anayepekua kabati la mzazi.


Jumatano, 5 Machi

Baba kajua. Karakana yetu ina midomo mingi kuliko mashine.

Wakati wa kula, bila kuinua macho kwenye sahani, kasema kumbe watu wa karatasi wamefika hadi kwenye bomba lake. Nikasema bomba lenyewe si la karatasi, ni la chuma, na mimi pia ni fundi kwa namna yangu. Akacheka hadi akapaliwa. Mama akampa maji. Alipopata pumzi akasema cheti wanatoa chuoni, ufundi hawatoi. Yeye maisha yake yote amemwita mtu mmoja tu fundi, mzee aliyemfundisha kazi, na huyo ameshazikwa. Ni kweli. Wengine wote kwake ni “bwana wewe”. Hata Cheche wetu, anayechomelea chuma kama anayeshona hariri, Baba humwita “bwana wewe wa moto”.

Mimi kwake ni “mhandisi”. Analitamka kama jina la ugonjwa wa kigeni.

Niliondoka mezani bila kumaliza. Baadaye nikarudi nikamaliza. Hasira hasara, na chakula kilikuwa kizuri.


Ijumaa, 7 Machi

Jibu limekuja! Nilikuwa nafua soksi. Nikaacha soksi.

Bomba halitanyooka. Litaenda, litapanda juu, litavuka, litashuka, litaendelea na safari. Mara tatu. Likipata moto, miguu ya kila pindo itasogeleana kidogo, likipoa, itaachana. Ile kalamu nzima naigawa kwa tatu, kila pindo libebe vidole vitatu tu. Vidole vitatu chuma kinavimudu miaka na miaka bila kulalamika. Na pindo la kwanza nimelipandisha juu ya njia ya magari ya wagonjwa — lile la Baba limetambaa chini ya njia, kwenye mtaro, panya wanalijua kuliko sisi.

Kati ya pindo na pindo bomba litafungwa imara mahali pamoja tu, lisitangetange. Kwingine kote litakaa juu ya viatu — ndivyo tunavyoviita vile vipande vya chuma vya kuteleza. Na vibano vitalizuia lisiruke nje, lakini havitalibana. Nati ya kwanza inaachiwa nafasi, unene wa kadi ya benki. Nati ya pili inaifunga ya kwanza isiende popote. Kushika bila kubana! Kazi yote iko hapo.

Nimemwonyesha Cheche mchoro. Kauzungusha, kautazama kwa jicho moja, kasema haya si mapindo, haya ni magoli. Mpaka saa ya chai karakana nzima inasema magoli. Sawa. Jina zuri kuliko la kwenye vitabu.


Jumapili, 9 Machi

Nimeukunjua mchoro mezani kwa wazazi. Nikauwekea vikombe kwenye kona usijikunje. Nilisema tu, nataka mwone.

Baba kavaa miwani. Kafuata mstari kwa kidole, kutoka boila. Alipofika goli la kwanza kidole kikasimama. Kikapanda, kikavuka, kikashuka. Akavua miwani.

“Hili bomba limetoka baa?”

Mama kacheka! Mama yangu mwenyewe! Baba akaongeza kuwa bomba lililolewa halipeleki mvuke, linapeleka aibu. Nikamwambia lile lake lililonyooka limepasuka mara tatu. Mama akasema samaki mkunje angali mbichi, na huyu wetu tulichelewa. Nadhani alitaka kututoa kwenye moto. Hakufanikiwa.

Nimekasirika hadi sasa. Naandika kwa wino mwekundu kwa sababu mweusi siuoni ulipo, si kwa sababu ya hasira. Na kwa sababu ya hasira pia.

Lakini hapa hakuna anayesoma, basi niseme: nataka mambo mawili. Nataka bomba lishike. Na nataka Baba aende akalione likishika. La pili nalitaka zaidi, ambalo si la kihandisi hata kidogo.


Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Ushindi wenye madoa ya chai!

Meneja wa majengo wa hospitali — mtu wa tai, viatu vinalia kwii kwii — kauliza kwa nini achukue bomba refu lililopinda wakati fupi lililonyooka lipo. Swali la haki. Nikachukua rula yake ya plastiki, nikaibana ncha mbili kati ya viganja vyangu. Nikasema kiganja hiki ni boila, hiki ni dobi, na joto ni mimi. Nikasukuma. Rula ikajikunja, ikafyatuka, ikapiga kikombe. Chai yote kwenye tai! Bosi wangu akafumba macho kama mtu anayesali.

Sikusimama. Nikatoa klipu ya karatasi niliyoikunja umbo la goli. Nikaisukuma. Ikasinyaa, ikarudi. Tena. Ikarudi. Meneja, tai imelowa, akanyoosha mkono akaiomba. Akaichezea mkutano mzima. Alipoondoka aliondoka nayo mfukoni.

Kakubali. Mama Shuka alikuwa amekaa nyuma kabisa, hakualikwa, alijialika. Alipiga makofi peke yake.


Jumanne, 18 Machi

Wiki nzima karakana inanuka chuma kilichoungua. Kila kiwiko cha bomba Cheche anakileta kwangu kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Nakagua, narudisha. Viwili nimevikataa. Kanuna. Kavirudia, vikaja vizuri kuliko vyote, na sasa anawaambia watu ni yeye aliyevikataa.

Bosi aliuliza kama ile mitego ya kutoa maji chini ya kila goli ni lazima. Nikamwambia mvuke ukipoa ni maji, na maji yakilala pale, mvuke unaokuja nyuma utayarusha kama nyundo. Akasema basi, basi, weka. Anaanza kuniogopa. Raha yake!


Jumamosi, 22 Machi

Yamesimama. Yote matatu.

Sina maneno, na mimi si mtu wa kukosa maneno. La kwanza limevuka njia ya magari, juu, pana, limenyooka miguu. Gari la wagonjwa lilipita chini yake mchana. Dereva akapunguza mwendo, akachungulia juu, akapiga honi mbili. Kwa ajili ya goli langu! Watu waliokuja kuona wagonjwa wanasimama wanaulizana ni nini. Mmoja alisema ni mlango wa heshima wa mgeni rasmi. Sikumrekebisha.

La tatu ndilo roho yangu ilipo. Liko nyuma ya dobi, pale pale lilipopasuka la zamani. Limebanwa na kuta mbili, nikalilaza badala ya kulisimamisha. Cheche alisema halitaingia. Liliingia na nafasi ya ngumi ikabaki. Mama Shuka akaligusa, akasema mwanangu, hili likifanya kazi nitakufulia mashuka hadi uolewe. Nikamwambia itakuwa kazi ya muda mrefu. Akasema hana haraka.

Nilimwambia Baba wakati wa chakula kuwa yamesimama, na mvuke wa kwanza ni Alhamisi. Kasema “hm”. Niliisubiri hiyo “hm” izae kitu. Haikuzaa.


Jumatatu, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimeenda na Cheche kukagua kabla ya siku yenyewe. Nikachomeka kadi kwenye kibano cha kwanza, pale tulipoacha nafasi. Haikuingia. Cha pili, haikuingia. Cheche kabadilika rangi, anaapa aliviacha sawa Jumamosi, na kweli nilivipima mwenyewe. Tumetembea bomba zima. Vyote! Vimekazwa vyote hadi mwisho, nati ya kwanza na ya pili. Bomba langu lote limefungwa pingu.

Cheche akaanza kutukana mtu asiyejulikana. Mimi nilikuwa nimeinama. Nilikuwa nimeona.

Kona moja juu. Kila nati. Zote mstarini.

Tukaenda kwa Mama Shuka. Kwanza kajifanya anahesabu foronya. Halafu kasema. Baba alikuja jana, Jumapili, na mfuko wa spana begani. Mlangoni alimwambia mlinzi, “Nakuja kuona kazi ya binti yangu.” Alitembea bomba zima. Chini ya goli la kwanza alisimama muda mrefu, kofia mkononi. Kisha akaanza kukaza. Mama Shuka alipomuuliza, akasema vijana wa binti yangu wamesahau nati, wakubwa wakija Alhamisi watamcheka. Usimwambie, atajisikia vibaya.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikashindwa kuvitenganisha.

“Kazi ya binti yangu.” Kayasema maneno hayo kwa mlinzi!

Na siku hiyo hiyo ameniulia bomba. Mvuke ukiingia hivi, chuma kitasukuma na hakitafika kwenye magoli. Kitang'oa vibano ukutani, au kitapasuka pale pale lilipopasuka la kwake. Cheche kashika spana, alegeze sasa hivi. Nikamzuia. Nikamwambia tunazo siku. Kaniuliza siku za nini. Sijui. Najua tu kwamba Baba akija Alhamisi akute kazi ya mikono yake imefunguliwa kimyakimya, hatanisemesha mpaka mmoja wetu azikwe.


Jumanne, 25 Machi

Nilimweleza Mama kwanza, jikoni, kwa sauti ya chini. Nikauliza nifanyeje. Kasema, “Mwambie. Baba yako si yai.”

Alikuwa barazani. Jua limezama, bati limeanza kulia kama kila jioni — tak, tak. Nikavuta kiti. Nikamuuliza Baba, hili bati linalia nini? Kasema linapoa. Nikamuuliza likipoa linafanyaje. Kaniangalia kama niliyemuuliza jina lake. Linarudi, kasema. Mchana lilitanuka, sasa linarudi. Nikamuuliza mbona miaka yote hii misumari haijang'oka.

Tak.

Kasema alitoboa matundu makubwa kuliko misumari. Kwa makusudi. Kasema ukibana bati linajikunja, lazima uliachie mahali pa kupumulia.

Halafu akageuza macho taratibu kuelekea bati. Niliona maana inamwingia. Nilitazama miguu yangu. Bati likalia mara mbili, na kila lilipolia nilitamani linyamaze, maana lilikuwa limeshasema ya kutosha.

Kauliza nani kaniambia. Nikasema nati zimesema, zimesimama kona juu. Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likapotea. Kasema, “Kwa hiyo nimeharibu.”

Nikasema hapana, Baba, umekaza vizuri mno, hilo ndilo tatizo. Nilidhani ni sifa. Ilitoka kama kofi. Akainuka, akaingia ndani, akasahau kofia kwenye kiti.

Ulimi wangu! Rula ile ingenipiga mimi badala ya kikombe.


Jumatano, 26 Machi

Hasemi. Hata “mhandisi” siitwi. Kanywa chai kasimama.

Nimekubaliana na Cheche tukutane kesho alfajiri na spana mbili, tulegeze wenyewe kabla wakubwa hawajafika. Bosi hajui lolote. Meneja atakuja na daktari mkuu wa upasuaji. Mama Shuka ameshasema kuni zilizobaki anazigawa, hazirudishi tena ndani.

Siogopi bomba. Hesabu zangu ni safi, nimezipitia tena, ni safi kama sahani ya Mama. Ningependa tu asiwe anakohoa chumbani kwake kama mtu aliyeaibishwa na mwanawe.


Alhamisi, 27 Machi

Naandika juu ya magoti, hapa hapa, nyuma ya chumba cha boila. Kuna kusubiri kwingi leo na nisipoandika nitakula kucha zote.

Tumefika alfajiri, mimi na Cheche. Geti liko wazi. Mlinzi anatucheka. Kasema mmechelewa.

Baba amekaa juu ya sanduku lake la spana, chini ya goli la kwanza. Hajavaa kofia — nilikuwa nayo mimi, kwenye mkoba. Nikachukua kadi nikaenda kibano cha kwanza. Imeingia. Cha pili, imeingia. Cha tatu. Nikaanza kutembea haraka, kisha kukimbia, kadi mkononi kama kichaa, hadi nyuma ya dobi. Vyote! Na nafasi ni moja kote, kadi inaingia kwa kugusa tu, haichezi. Yetu ya Jumamosi haikuwa nzuri hivi. Na kila nati, ya kwanza na ya pili, kona moja juu.

Nikarudi nikihema. Nikampa kofia. Kaivaa. Kasema kulegezwa si ruhusa ya kukosa adabu. Alikuwa anazungumzia nati. Nadhani.

Nikasema asante, Baba. Kasema asante ya nini, alikuja kufungua alichokifunga. Kisha — akitazama juu kwenye goli, si mimi — kauliza huyu mlevi wangu anaamka saa ngapi.


Bado Alhamisi. Mvuke umeanza kuingia, kidogo sana. Nimemkataza mpishi wa boila — ndivyo tunavyomwita anayeiendesha — asifungue vali zaidi ya robo. Bomba baridi halipigwi mvuke ghafla. Tunapasha, tunasubiri, tunatoa maji, tunapasha tena. Cheche analalamika, ngoja ngoja huumiza matumbo. Baba kamjibu, bwana wewe wa moto, haraka haraka haina baraka. Kidogo nimkumbatie.

Wakubwa wamefika. Meneja ana tai mpya. Klipu yangu ameining'iniza kwenye funguo zake! Daktari wa upasuaji haulizi kitu, anatazama saa tu. Kaniambia ana mama mmoja wodini ambaye upasuaji wake umeahirishwa mara mbili. Basi. Nimeelewa.

Baba katoa chaki mfukoni. Sikumwomba. Kapita kwenye kila kiatu cha bomba, kachora mstari mmoja unaovuka juu ya kiatu na juu ya chuma kilicho chini yake. Bomba likitembea, mstari utakatika. Bosi alimuuliza mzee unafanya nini. Kamwambia anaandika.


Limetembea!

Goli la kwanza. Mstari umekatika, umepishana unene wa kidole. Hakuna kelele, hakuna mtikisiko. Ukitazama bomba huoni lolote. Ukitazama chaki unaona chuma kizima kimehama kimyakimya. Baba amepiga magoti kwenye kokoto. Kaweka jicho karibu hadi nikaogopa ataungua. Tukapasha tena. Vidole viwili. Tukapasha tena. Vidole vitatu — vitatu, kama nilivyoandika tarehe saba nikiwa na povu la sabuni mikononi! Na miguu ya goli imesogeleana, unaiona kabisa ukilinganisha na kona ya jengo. Gari la wagonjwa likapita chini yake wakati huo huo.

Nilimsikia Baba akisema peke yake, kwa sauti ndogo: mlevi anajua njia ya nyumbani.

Nimegeuka ukutani kidogo. Vumbi.


Goli la pili nalo limekubali. Meneja anampigia mtu simu, anaeleza kama alisanifu yeye. Mwache. Leo nina fahari ya kugawa, itatosha watu wote na itabaki.

Sasa la tatu. Lile lililolala, nyuma ya dobi, kati ya kuta mbili. Pale palipopasuka mara tatu. Joto linachelewa kufika kule, ndio mwisho wa safari. Nimewaambia wakubwa wasikaribie hadi niseme. Mama Shuka yuko mlangoni na rundo la mashuka kifuani, kalibeba kama mtu anayekwenda kubatiza. Wafuaji wote nyuma yake.

Baba hakunisikia, au kajifanya. Kaenda. Namuona kutoka hapa kwenye vali, amechuchumaa mwisho wa bomba pale lilipokuwa lake, na chaki sikioni. Nimemwambia mpishi wa boila afungue robo ya mwisho. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye vali, tayari kufunga.

Kuna sauti. Tak. Kama bati. Sijui ni viatu vinateleza au ni kitu kingine.

Baba ameinama zaidi. Ameweka kiganja chini, kando ya kiatu. Haondoki.

Ameinua kichwa. Anaita.

“Fundi!”

Cheche kageuka. Mpishi wa boila kageuka. Hata bosi kageuka, ambaye hajashika spana tangu aote kitambi. Cheche kapiga hatua mbili, na Baba kamsimamisha kwa mkono, anatikisa kichwa. Si wewe, bwana wewe. Anamtazama aliyesimama nyuma ya Cheche na kalamu.

“Fundi! Njoo uone!”

Uso wake siusomi kutoka hapa, mvuke wa mtego umetanda katikati yetu. Naenda